Watoto hawajambo?

Salamu zetu zina mtego ambao mwenye watoto hauoni. Zinaanza polepole. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Za kazi? Tunamshukuru Mungu. Halafu, hujageuza hata shingo, inaingia ile nyingine: watoto hawajambo? Anayeuliza hana ubaya. Pengine ni mama wa nyanya pale Sokomatola, hapa Mbeya mjini, pengine ni konda. Umri wako unaonyesha unapaswa kuwa nao, na kwa adabu ya kwetu kutowaulizia watoto wa mtu ni kama kuwadharau.

Nina miaka 37. Sina mtoto, sina mume, na kwa muda mrefu nilijibu "hawajambo". Ni rahisi kuliko kumsimamisha mtu sokoni umsimulie maisha yako huku nyanya zinamwagwa kwenye mfuko. Watoto wangu wa kwenye salamu wamekua. Kwa hesabu zangu mkubwa yuko darasa la tatu.

Vijana wa siku hizi wana maneno mawili ninayoyapenda na kuyachukia kwa pamoja. Asiye na hela "anajitafuta". Aliyenunua gari "amejipata". Kwa kipimo hicho mimi nilijipata nikiwa na miaka 29: ajira ya uhasibu, kiwanja Iwambi, mchumba mwenye kazi yake na dini yake. Halafu nikajipoteza kwa hiari, mchana kweupe, mbele ya kamati ya watu 14.

Mchumba hakuwa na kosa. Nalisema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia anasubiri nifike kwenye kipigo au mwanamke wa pembeni, na nisipofika ananitazama kama nimemficha jambo. Alikuwa mtu mzuri. Jioni moja alikuja na ramani ya nyumba tutakayojenga, karatasi kubwa, akaitandaza mezani. Vyumba vinne. Hiki chetu, hiki cha wavulana, hiki cha wasichana, hiki cha wageni. Nikamuuliza, na mimi nikitaka kukaa peke yangu nitakaa wapi? Akacheka, tena kwa upendo kabisa. Akasema, "Wewe si una jiko?"

Basi. Hakuna kingine. Nilirudi nyumbani nikalala, nikaamka saa tisa usiku nikiwa nalitazama lile jiko.

Kulikuwa pia na suala la baba mkwe. Kwetu Unyakyusa, kwa desturi, mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe. Akimwona anakuja anaacha njia, anajifunika, anasubiri mzee apite. Watu wa mjini wengi wameshaacha, lakini mzee yule alikuwa mtu wa Busokelo na hakuwa ameacha kitu. Shangazi zangu wakanifundisha tangu siku ya posa. Siku moja nimekaa nyuma kwenye hiace iliyotoka Mwanjelwa, tumefika Mafiati, nani anaingia? Nikajifunika mtandio kichwa kizima, nikateremka kituo kilichofuata nimeinama mpaka konda akaniuliza, "Dada, unaumwa?" Nilitembea kwa miguu hadi kazini. Nilicheka njia nzima, na nilipofika getini nikagundua kwamba sicheki tena.

Kuvunja uchumba kwa maneno kunachukua dakika kumi. Kuuvunja kwa hesabu kulinichukua miezi kumi na moja. Kamati ya sendofu ilikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kaunta buku, na ndani ya kaunta buku kulikuwa na michango ya shilingi 2,340,000. Sehemu ilishalipia ukumbi, na mwenye ukumbi harudishi. Mimi mhasibu. Nikachukua lile daftari nikaanza kumrudishia kila mtu, jina kwa jina: elfu kumi kwa huyu, elfu hamsini kwa yule, kila mwisho wa mwezi nikitoka kupokea mshahara. Wapo waliopokea wakahesabu mbele yangu. Mmoja alinikumbusha na nauli ya vikao. Hao sikuwaonea uchungu hata kidogo, walikuwa na haki yao. Walioniumiza ni waliokataa kwa maneno matamu: "Ziache tu dada, zitamsubiri mwingine."

Ng'ombe walikuwa kesi nyingine. Walipokelewa wanne, na katikati mmoja akazaa. Ndama ni wa nani? Wazee wa pande mbili walikaa siku mbili, wakala, wakanywa, wakaamua ndama aende na mama yake. Naambiwa kikao kilikuwa kizuri na waliachana kwa amani. Baba yangu, mstaafu wa reli, alirudi usiku, akavua viatu, akaniambia, "Mwanangu, wamekwenda wote watano." Hakuongeza neno wiki nzima.

Mbeya, mtu anayetaka kujificha anaangalia juu. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,700 hivi, na Loleza inasimama nyuma yake kama mgongo wa mtu aliyekununia, mita 2,656. Jumamosi nilizokuwa nahudhuria vikao vya kamati zikabaki wazi. Nikaanza kupanda. Sikwenda kutafuta utulivu wala nafsi. Nilikwenda kwa sababu huko sikuwa na uwezekano wa kukutana na mweka hazina.

Ila binadamu hakuachi hata mlimani. Huku kwetu watu wanapanda milima kuomba, na mwanamke wa umri wangu anayepanda peke yake alfajiri, kila Jumamosi, jibu lake linajulikana: anaombea mume. Majirani wakanihurumia upya. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinishika mkono akaniambia ameota nikishuka mlimani na mtu mrefu. Sikumkatalia. Nikimwambia napanda tu, nakaa juu ya jiwe nakula muhogo wa kuchoma, nashuka, angeona nimepatwa na jambo baya zaidi.

Ngosi ilikuwa mbaya kuliko Loleza, kwa upande wa sifa namaanisha. Ziwa lile limekaa ndani ya shimo la volkano katika safu ya Uporoto, unapanda kwenye msitu na mianzi na utelezi mpaka ukingoni, halafu ghafla chini yako kuna maji ya kijani yasiyo na mto unaoingia wala unaotoka. Kila mtu wa Mbeya ana hadithi yake ya Ngosi, nyoka, fedha za Wajerumani, waganga wanaochota maji usiku. Nilipomwambia dada wa ofisini kwamba Jumapili nilikuwa Ngosi, aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulikwenda na nani?" Nikasema peke yangu. Akasema, "Aaa," na tangu siku hiyo akawa ananisalimia wa kwanza.

Niliingia pia misitu ya Rungwe, na pale inabidi nimtaje kipunji. Ni nyani mwenye mkia mrefu na nywele zilizosimama kichwani kama kijana aliyetoka kinyozi. Watafiti walimtangaza duniani mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani Afrika tangu 1923. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja siku zote. Hata jina ni lao. Hapa niliandika sentensi ndefu kuhusu kiumbe anayeishi miaka yote bila kutambuliwa mpaka wengine waseme yupo. Nimeifuta. Kipunji hana shida na mimi, na sikumwona. Nilisikia matawi yakitikisika, mwongozaji akasema ni wao, nikakubali.

Baba ndiye aliyevunja ule ukimya, na kwa njia ambayo sikuitegemea. Jioni moja tunakunywa chai akasema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo tuliyoyaanza jana, kwamba zamani kwao kijana hakuruhusiwa kukaa kwa wazazi. Watoto wa kiume wakifika miaka kumi hivi walitoka, wakajenga vibanda vyao pembeni na wenzao wa rika moja, na kibanda kwa kibanda hatimaye kikawa kijiji kizima cha rika lao, wakaishi humo mpaka uzeeni. Ni kweli, watafiti waliofika Unyakyusa miaka ya 1930 walivikuta vijiji hivyo na kuviandika sana. "Kwa hiyo kuondoka si jambo geni kwetu," akasema. Nikamuuliza, na wasichana? Akanywa chai. Akasema wasichana waliolewa wakapelekwa kwenye vijiji hivyo. Tukacheka wote wawili, kicheko cha kwanza tangu ng'ombe waondoke.

Mwaka uliofuata niliacha kazi.

Sitaipamba. Mkataba ulikuwa unakwisha, bosi mpya alikuwa anataka mtu wake, na mimi nilikuwa na akiba ya kukaa miezi minane bila kuomba. Nikapanga chumba katika kijiji kimoja njia ya Kikondo. Unatoka Uyole na gari za Tukuyu, unashuka Isyonje, unachukua barabara ya Makete inayopanda mpaka masikio yanaziba. Kule juu ni viazi na pareto, pareto na viazi, na ng'ombe waliolowa. Mbele zaidi unaanza uwanda wa Kitulo.

Niliwaambia watu nakwenda kulima. Rafiki mmoja wa Dar es Salaam alifurahi sana, akasema nimerudi kwenye asili. Neno hilo lina utata wake huku. Mtu akisema amerudi kwenye asili, Mbeya tunaelewa amerudi kijijini kwao, kwenye makaburi ya babu zake, na pengine kuna mtu amemroga. Kikondo si kwetu. Pale ni Usafwa, na ukiendelea mbele unaingia kwa Wakinga. Nilikwenda kwenye asili ya watu wengine na jembe la kununua.

Mama alipata kazi ngumu kuliko yangu. Walimuuliza niko wapi, akawa anajibu, "Yuko semina." Semina ya miezi minane! Kila jioni ananipigia: umekula nini, umejifunika nini, semina inaendeleaje. Hilo la mwisho tulianza kulisema kwa utani, halafu likawa jina halisi. Mpaka leo nyumbani Kikondo panaitwa Semina.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane wa Kikinga aliyeolewa upande huu. Kila asubuhi aliamka kabla ya kuku, akachochea moto, akavaa gambuti na koti la kiume la mitumba lililofika magotini. Baridi ya huku mtu wa Kyela, kule chini kwenye joto, haiamini. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa barafu, zinavunjika chini ya kiatu kama chipsi. Nilikuwa nimebeba mablanketi mawili. Aliyaangalia akasema, "Hayo ya mjini," akaniletea la tatu.

Januari nikapanda Kitulo yenyewe wakati wa maua. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ikawa hifadhi ya taifa rasmi mwaka 2005, kilometa za mraba 412.9, na ni mahali pa ajabu kwa sababu watu hawaendi kuangalia simba wala tembo. Wanakwenda kuangalia majani. Aina zaidi ya 350 za mimea, na kati yake okidi 45 za ardhini. Unatembea kwenye uwanda ulio juu ya mita 2,600, upepo unakata, na chini ya miguu kuna njano, zambarau, nyeupe, nyekundu iliyosimama kama tochi. Kuna mbayuwayu wa buluu wanaokuja kuzaliana pale, ndege waliobaki wachache Afrika. Kuna ndege mmoja mkubwa wa ardhini anayetembea kwa madaha kama mwalimu wa zamu. Mvua inanyesha, ukungu unapita, unaondoka, unarudi. Maji yote yale yanateleza nyasini mengine yanashuka upande wa Usangu kwenye mashaluba ya mpunga ya Mbarali, yanaingia Ruaha Mkuu, yanakwenda Mtera na Kidatu kutuwashia taa.

Nilikaa chini pale nikangoja kuhisi kitu. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akifika mahali kama pale anajiona. Nilihisi njaa na soksi zilizolowa. Baada ya muda, labda saa nzima, niligundua kitu kidogo tu: tangu asubuhi hakuna aliyeniuliza swali. Hakuna. Uwanda mzima ule haukuwa na hata salamu. Nikalia kidogo, halafu nikala viazi vyangu.

Niliporudi nikamwonyesha bibi picha za okidi kwenye simu. Akavaa miwani iliyofungwa kwa uzi, akaangalia moja baada ya nyingine, kimya. Halafu akasema, "Hizi tulikuwa tunachimba."

Akanieleza. Chini ya okidi kuna kiazi kidogo. Kabla ya hifadhi, yeye na wenzake walikuwa wanapanda na majembe mafupi, wanachimba wanajaza viroba, wanawauzia wachuuzi waliopeleka Tunduma na kuvusha Zambia, ambako viazi hivyo vinatwangwa na karanga kuwa chikanda, chakula kinachokatwa vipande kama keki. Kila kiazi unachong'oa ni ua lililokufa, na biashara hiyo ilikuwa moja ya sababu za kuifanya Kitulo hifadhi. Bibi hakulalamika wala hakujutia. Alisema, "Maua haya ndiyo yaliyonunua sabuni. Sasa wageni wanalala tumbo kuyapiga picha. Mungu ana bustani, mimi nina pareto."

Nimeyasikia maneno hayo kichwani mara nyingi kila ninapoona mtu ameandika kwamba amekwenda msituni kujitafuta. Msitu wa huku juu una watu. Pale ninapoona ukimya mtu mwingine anaona eneo alilokatazwa kulisha ng'ombe. Sijui nilitaka bibi aniambie nini kuhusu yale maua, labda kwamba na yeye alikuwa akienda kule kupumzika. Alikwenda kule kazini.

Viazi vyangu, kwa wanaotaka kujua, vilikufa. Kuna mbegu ya zamani ya kituo cha utafiti cha Uyole inayoitwa Kikondo, kwa jina la huku huku, nikadhani jina peke yake litanilinda. Nilikodi nusu ekari, nikapanda, vikaota vizuri sana, nikaanza kupiga hesabu. Ukungu ukaingia wiki ya mvua mfululizo. Bibi aliniambia piga dawa leo. Nikasema kesho, mvua ipungue. Baada ya siku nne majani yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Nilivuna magunia sita yaliyopona, na mnunuzi akaja na magunia yake, yale ya lumbesa, yenye kilemba cha wavu juu mpaka gunia linafanana na mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Serikali imekataza lumbesa miaka nenda rudi. Nikamwambia imekatazwa. Akasema, "Ndiyo dada, imekatazwa," akaendelea kujaza. Sita yakawa manne.

Msimu wa pili nilipiga dawa siku niliyoambiwa.

Siku ile, ya kupiga dawa, ndiyo nataka kuisimulia. Ilikuwa alfajiri, bado giza. Nilikuwa nimekaa pale miezi mingi na bibi hakuwahi kuniuliza chochote juu yangu; nilidhani ni hekima, au ile heshima ya wazee wa milimani. Tumesimama kwenye kisima, najaza bomba la dawa, akaja jirani yake, mama wa makamo, wakasalimiana kwa Kikinga, kamwene, kamwene, halafu yule jirani akanigeukia mimi kwa Kiswahili. Habari za asubuhi? Nzuri. Za Mbeya? Nzuri. Watoto hawajambo?

Labda ni baridi. Labda mikono ilikuwa imejaa. Nikasema, "Sina, mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akaguna kidogo, ule mguno wa kupokea habari. Bibi akainua kichwa kutoka kwenye ndoo yake. "Na mimi nilikuwa najiuliza," akasema, "mbona hawakupigii simu." Kumbe miezi yote ile alikuwa anawasubiri wale watoto wangu wa kwenye salamu. Siku ya kwanza nilipofika aliniuliza, na mimi, kwa mazoea, nikamjibu hawajambo. Sikukumbuka kabisa. Yeye alikumbuka. Alikuwa anadhani nimewatelekeza, na alinipa blanketi hivyo hivyo.

Akanisaidia kubeba bomba mgongoni, akakaza mikanda, akasema jua likitoka dawa haifanyi kazi vizuri, twende.

Sasa nagawa wiki yangu. Siku tatu niko mjini nawafungia hesabu wafanyabiashara wadogo na vikoba viwili, siku nne niko juu. Hela si nyingi. Kiwanja cha Iwambi nimekiuza, nikanunua ekari moja na robo. Mama amekuja kunitembelea mara mbili na mara zote mbili aliwaaga majirani kwamba anakwenda semina.

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Uyole, nimepata gari la Isyonje, mbegu zangu magunia mawili zinafungwa juu ya keria. Mtu akanigusa bega. Mweka hazina! Amenenepa, ana mjukuu sasa, tulikumbatiana kwa furaha ya kweli. Habari za siku nyingi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Mzee hajambo? Hajambo. Watoto hawajambo?

Konda alikuwa ameshapiga bodi, gari linaanza kusogea, na kamba ya gunia moja niliona imelegea.

"Hawajambo," nikasema, nikadandia.